Njia ya Jirani Isipite Ng'ambo: Mazungumzo juu ya Wajibu wa Watoa Huduma wa Intaneti Visiwani



Mwananchi anapotuma ujumbe, ujumbe huo hausafiri ukiwa mzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kama bahasha ya barua. Njiani zipo mashine ziitwazo ruta. Ruta haiujui ujumbe. Kazi yake ni kusoma anwani na kuikabidhi pakiti kwa ruta inayofuata katika njia ya kumfikia mpokeaji. Kompyuta ya mpokeaji huzipanga pakiti upya, na iliyopotea hutumwa tena.

Intaneti, basi, si mtandao mmoja, bali ni maelfu ya mitandao iliyokubaliana kupokezana pakiti. Kila mtoa huduma huwatangazia jirani zake anwani anazoweza kuzifikia, kwa itifaki iitwayo BGP. Pakiti hufuata tangazo hilo, si ramani ya nchi. Kwa hiyo, umbali wa majirani wawili katika intaneti haupimwi kwa hatua wala kwa maili. Hupimwa kwa mapatano ya watoa huduma wao.

Chukua mfano wa zahanati na hospitali zilizo mtaa mmoja, kila moja ikiwa na mtoa huduma wake. Iwapo watoa huduma hao hawakuunganishwa nyumbani, majibu ya vipimo vya mgonjwa yaweza kuvuka bahari hadi Ulaya, kisha yakarejea mtaani. Gharama ya safari hiyo, mwisho wake humwangukia mwananchi.

Ndugu zetu wa Kenya waliyaona hayo. Hadi mwaka 2000, pakiti baina ya watoa huduma wao zilipita ng'ambo kwa setilaiti. Mwezi Novemba mwaka huo walianzisha Nairobi kituo cha kubadilishana, KIXP. Baada ya wiki mbili hivi kilifungwa, kufuatia malalamiko ya shirika la simu lililokuwa na haki ya pekee ya njia za kimataifa. Kikafunguliwa tena Februari 2002, kikiwa na leseni. Safari iliyochukua zaidi ya sekunde moja ikawa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dar es Salaam ikafuata mwaka 2004 kwa kituo cha TIX. Chumba chenye umeme wa uhakika na swichi hupatikana kwa gharama ndogo. Lililo gumu ni mapatano ya washindani.

Aidha, visiwa vina hatari yao. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ililipuka chini ya bahari huko Tonga na kuukata mkongo pekee uliokiunganisha kisiwa kikuu na dunia. Ukarabati ulichukua takriban wiki tano. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Funzo ni kwamba mikongo miwili ipitayo mahali pamoja huwa kama mmoja siku ya msiba. Njia ya pili ni ile isiyoweza kukatwa na nanga ile ile.

Mkongo ukikatika, kituo cha nyumbani huwezesha zahanati kuendelea kuwasiliana na hospitali, lakini kwa sharti moja. Kompyuta huuliza kwanza seva za majina ili jina ligeuzwe kuwa anwani. Seva hizo zikiwa ng'ambo peke yake, jina la hospitali halitajulikana, ijapokuwa njia ya kuifikia i wazi.

Hali kadhalika, BGP ilijengwa juu ya uaminifu, na uaminifu hukosewa. Tarehe 24 Februari 2008 mtoa huduma mmoja wa Pakistan, akikusudia kuifunga YouTube nchini mwake, alizitangaza anwani zake kama zilizo kwake. Tangazo likavuka mpaka, na kwa takriban saa mbili watazamaji wa nchi nyingi wakapotezwa njia. Kinga yake ni kuzithibitisha anwani kwa saini za RPKI, ambazo kwa Afrika hutolewa kupitia AFRINIC iliyoko Morisi, na kuchuja kila tangazo la mteja kabla ya kulipitisha.

Hivyo basi, watoa huduma wanakumbushwa mambo manne: kubadilishana pakiti nyumbani, kuweka seva za majina nyumbani, kuwa na njia ya pili iliyo mbali na ya kwanza, na kutotangaza anwani wasiyokuwa na haki nayo.

Nao wananchi, kabla ya kutia saini mkataba wa huduma, wamuulize mtoa huduma swali moja: pakiti ya kwenda kwa jirani hupita wapi?