Maji ya Samaki na Mboga Yataka Daftari



Nimeombwa nizungumzie ufugaji wa samaki na kilimo cha mboga katika maji yale yale, kazi iitwayo akwaponiki. Wengi huisifu kwa kuwa haihitaji udongo na hutumia maji kidogo. Sifa hizo ni za kweli. Lakini sikuja kusifu. Nimekuja kueleza kwa nini samaki hufa.

Samaki alapo hutoa amonia, hasa kwa njia ya matamvua. Amonia ni sumu kwake. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo pia ni sumu. Wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mboga. Bakteria hawa huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kuenea katika mtambo mpya. Ajazaye samaki siku ya ufunguzi ili mgeni rasmi apate kuwaona, huwatia katika sumu yao wenyewe.

Katika kisiwa cha St. Croix, Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, chini ya Dkt. James Rakocy, kilichunguza jambo hili kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980. Walifuga perege, samaki mwenye asili ya Afrika. Walipata kipimo cha kufaa: gramu 60 hadi 100 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga. Ukipunguza mno, mboga hudhoofu. Ukizidisha, chumvi hurundikana majini.

Tena, kazi ya bakteria huongeza uasidi, na kipimo cha pH hushuka. Kinafaa kikae karibu na 7. Huko St. Croix walikirudisha kwa kutia chokaa na haidroksaidi ya potasi kwa zamu. Hivyo mboga zilipata pia kalsiamu na potasi, ambazo chakula cha samaki hakitoshelezi. Madini ya chuma waliyaongeza mbali. Lakini chokaa isimwagwe ovyo. Katika joto la nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki 1 katika 100. pH ikifika 9, hukaribia 40 katika 100.

Ndugu zangu, wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla shule haijanunua pampu, ijiulize: nani atapima maji kila siku? Nani atalisha samaki wakati wa likizo? Umeme ukikatika usiku, nani ataamka? Kwa maana pampu ikisimama, hewa huisha majini, na samaki waliosongamana hufa kwa saa chache.

Shule isiyo na majibu ianze na bustani ya kawaida, si aibu. Aibu ni kuwafundisha watoto wetu kwamba mradi ni kitu cha kuzinduliwa, si cha kutunzwa.