Picha ya Mtoto Tumboni

Huku Kiambere sisi wachungaji huulizwa na akina mama, "Pasta, hiyo picha ya tumbo haitamdhuru mtoto?" Chombo hicho hutumia mawimbi ya sauti, si miale ya eksirei. Mama hulala chali, hupakwa mafuta ya baridi tumboni, na katika kioo moyo mdogo huonekana ukipiga.

Picha ya kwanza hufaa kati ya wiki 11 na 14. Huonyesha umri wa mimba, na kama ni mapacha. Mvulana au msichana? Bado ni mapema kuuliza. Penye wataalamu hupimwa pia maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, na hapo ndipo hofu huingia. Yakizidi, si hukumu. Ni sababu ya kupimwa zaidi, na wengi wa watoto hao huzaliwa wazima.

Tumemwona mama akipokea habari hiyo peke yake, mumewe yuko shambani. Ndugu wanaume, ndengu zitangoja siku moja. Someni Zaburi ya 139 usiku uliotangulia, kisha nendeni wawili, na kile kitabu cha kliniki msikisahau.