Mawimbi ya Spini katika Sumaku Zisizovuta Chuma



Manahodha waliokuwa wakivuka mkondo wa Pemba kwa nyota na dira waliijua sumaku kwa tendo lake la dhahiri, yaani kuigeuza sindano ielekee kaskazini. Na kipimo hicho cha mvuto ndicho tunachowarithisha wanafunzi hata leo, tunapomwaga unga wa chuma juu ya karatasi. Nia ya mada hii ni kudai kwamba kipimo hicho hakitoshi, kwani ziko maada zisizoitikisa sindano ya dira hata kidogo, ilhali batini yake imejaa usumaku wenye harakati za kasi kuliko za chuma chenyewe.

Kila elektroni ina sifa iitwayo spini, inayoifanya iwe sumaku ndogo mno, na ndani ya chuma spini za atomu jirani huelekea upande mmoja, nguvu zake zikajumlika. Mwaka 1930 Felix Bloch alibainisha kwamba joto haliipindui spini moja peke yake, bali mpinduko huo hugawanywa baina ya spini zote, kila moja ikizunguka huku imechelewa kidogo nyuma ya jirani yake, hata likazaliwa wimbi. Aliyepata kuitazama safu ya Maulidi ya Homu, watu wamepiga magoti bega kwa bega, mwinamo ukipita toka mwanzo wa safu hadi mwisho wake na kila mmoja amesalia mahali pake, amekwisha kuliona umbo la jambo hili.

Ithibati ilikuja mwaka 1957, Bertram Brockhouse alipopitisha nyutroni katika magnetiti huko Chalk River, Kanada, na kwa kupima nishati za nyutroni hizo zilivyoongezeka na kupungua akayasoma mawimbi hayo. Na magnetiti ndilo jiwe lile lile la asili ambalo wahenga wakisugulia sindano za dira.

Sasa tuziendee zile sumaku za siri. Katika miaka ya 1930 Louis Néel alieleza maada ambazo spini jirani hupingana, moja juu na moja chini, jumla yake ikawa sifuri. Naye alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1970 alizitaja kuwa na thamani ya kinadharia tu, pasipo matumizi yaliyoonekana. Kwa taadhima yote anayostahiki mwanachuoni huyo, zama zimempinga, kwa sababu mawimbi ya spini katika maada hizo aghalabu hutikisika mara trilioni kwa sekunde, ambapo yale ya sumaku za kawaida hutikisika mara bilioni. Na fauka ya hayo, wimbi la spini laweza kuchukua habari pasipo chaji kusafiri, hivyo huepukana na joto lile linalozifanya kompyuta zetu zihitaji kupozwa.

Mwaka 2022 Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth waliainisha jamii nyingine, alitamagneti, ambamo spini hupingana vile vile, lakini mazingira ya atomu moja yamegeuzwa yakilinganishwa na ya mwenziwe. Katika maada za Néel zilizo sahili, wimbi lizungukalo kulia na lizungukalo kushoto huwa na nishati moja. Katika alitamagneti nishati hizo hutengana kwa kufuata mwelekeo wa safari. Mtengano huo ulionekana kwa nyutroni mwaka 2024 katika manganizi teluridi, maada ambayo mpangilio wake huvurugika ikifikia yapata nyuzi 35 za Selsiasi, hata ingetosha kuianika juani hapa Chake Chake adhuhuri ya Februari. Wala si kila kilichodhaniwa kimethibiti: oksidi ya rutenio, iliyosifiwa mwanzoni kuwa mfano bora, imechunguzwa baadaye kwa makini na mpangilio huo haukuonekana.

Kinu cha nyutroni hatuna, lakini hesabu ya wimbi katika safu moja ya spini haihitaji ila vekta na trigonometria, ambazo kidato cha sita huzisoma, nami naomba ifundishwe kwa Kiswahili fasaha. Mwanafunzi atakayetaka kuzama zaidi si lazima avuke bahari kwenda Ulaya, maadamu Kigali ipo taasisi ya Afrika ya Mashariki ya utafiti wa misingi ya sayansi, iliyofunguliwa mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Rwanda, na fizikia ya maada mango ni miongoni mwa masomo yake.