Kumpiga Ndege Arukaye kwa Bunduki ya Marisau



Leo nataka kusema nanyi habari za kupiga ndege warukao, yaani kanga, kwale, njiwa na bata. Wako watu wadhanio ya kuwa kazi hii ni bahati tu, ama kipaji azaliwacho nacho mtu. Sivyo. Kazi hii ina kanuni zake, nayo hufundishika kama kusoma na kuandika. Na asiyejifunza hapotezi baruti yake tu. Ndege aliyejeruhiwa huingia kichakani, akafa huko kwa maumivu, asimfae mtu yeyote.

Kwanza yatupasa kuifahamu bunduki yenyewe. Ganda moja la bunduki ya marisau lina vipande vidogo vingi vya madini, navyo hutoka pamoja na kutawanyika kadiri viendavyo mbali. Kwa hiyo bunduki hii hailengwi kwa kufumba jicho moja na kungojea, bali huelekezwa upesi, kama mtu anyooshavyo kidole.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Njiwa apita mbele yako umbali wa yadi 30, kwa mwendo wa maili 40 kwa saa. Mwendo huo ni kama futi 58 kwa sekunde moja. Marisau yataka karibu sehemu ya kumi ya sekunde kumfikia. Muda huo ni kama kupepesa jicho, lakini njiwa amekwisha kwenda zaidi ya futi 5. Ukipiga pale umwonapo, marisau yatapita nyuma ya mkia wake. Walimu mwajua ya kuwa mtoto ampaye mwenzake mpira hali akikimbia, huupeleka pale atakapofika, wala si pale alipo. Na marisau ni vivyo hivyo.

Dawa yake ni hii. Anza na mdomo wa bunduki nyuma ya ndege, uifuate njia yake, umpite, na papo hapo umpitapo fyatua mtambo. Wala usiisimamishe bunduki. Iache iendelee kwenda hata baada ya mlio. Watu wengi huanza vizuri, kisha husimama kidogo wapate kufyatua, na kusimama huko ndiko kuwakosesha.

Pili, tazama ndege, usitazame bunduki. Robert Churchill, fundi mashuhuri wa bunduki wa London aliyefariki mwaka 1958, aliwafundisha wanafunzi wake kumkazia macho ndege na kuuacha mkono ufuate jicho. Tena kundi la kanga lirukapo pamoja, usilipige kundi. Chagua ndege mmoja, tazama kichwa chake, na wengine uwasahau. Apigaye kundi zima mara nyingi hupiga hewa.

Tatu, namna ya kuiinua. Iletee shavu bunduki, usiinamishe kichwa kuifuata. Kitako kifike begani na shavu likae juu yake wakati mmoja. Ukiinua kichwa ili uone kama umepata, utapiga juu ya ndege. Simama na uzito kwenye mguu wa mbele, ukageuke kutoka kiunoni, si kwa mikono peke yake. Zoezi hili lafanyika nyumbani bila gharama: hakikisha mara mbili ya kuwa bunduki ni tupu, kisha inua na ufuate kwa mdomo wake ule mstari ambapo ukuta hukutana na dari. Fanya hivyo mara 20 kila siku, na baada ya majuma machache mwili utazoea.

Nne, jua umbali. Pima hatua 40 kutoka mti fulani, uangalie jinsi unavyoonekana. Ndege aliye mbali kuliko hapo mwache aende zake. Huko marisau yametawanyika mno, nayo hujeruhi zaidi ya kuua.

Na neno kubwa kuliko yote nimeliweka mwisho. Marisau madogo huweza kufika yadi 200 na zaidi, na punje moja yatosha kupofusha jicho. Kwale hupenda kuruka chini chini, na nyuma ya mahindi huenda yuko mama apaliliaye au mtoto achungaye mbuzi. Usifyatue mpaka uone mbingu tupu chini ya ndege. Usiizungushe bunduki kupita mbele ya wenzako. Uvukapo mfereji au ua, ifungue na uyatoe maganda.

Tena kumbukeni sheria. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda bila leseni, na ndege wamo. Basi kila mtu amwulize ofisa wa wanyamapori wa wilaya yake kabla ya kutoka nyumbani.

Ndugu zangu, ndege aliyekosewa leo ataruka tena kesho, na kumwacha si aibu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na marisau yakitoka hayarudi. Mwindaji mwema hujulikana pia kwa zile risasi alizojizuia asizipige.