Maili 392 Bila Kusimama

Leo nawaleteeni habari za kichwa cha gari la moshi kiitwacho Flying Scotsman, kilichoundwa Doncaster, Uingereza, mwaka 1923.

Tarehe 1 Mei 1928 kilivuta mabehewa toka London hata Edinburgh, maili 392, pasipo kusimama. Yamkini mtauliza, je, mchochea moto aliwezaje kutupa makaa kwa beleshi muda wa saa nane? Bwana Gresley, fundi mkuu, alikuwa ameacha ujia kando ya shehena ya makaa na maji, upana wake inchi 18 tu. Mtu mnene angepata taabu humo. Katikati ya safari dereva na mchochea moto wa pili, waliokuwa wakipumzika behewani, walipita humo wakawapokea wenzao, na gari likienda mbio. Maji nayo yalitekwa kwa bomba lililoteremshwa katika mfereji uliolazwa kati ya reli.

Mwaka 1963 kiliachishwa kazi, kikawa karibu kuvunjwavunjwa. Bwana Alan Pegler akakinunua kwa pauni 3,000. Kabla ya miaka kumi kutimia alifilisika, baada ya kukipeleka Marekani. Nami simwiti mpumbavu: tangu mwaka 2004 kichwa kile ni mali ya makumbusho ya taifa ya reli, na mwaka 2016 kilirudi njiani, kikitoa moshi.