Damu Yetu Ikipimwa Homa ya Matumbo



Wengi wetu tumepata kutolewa damu kidogo, tukangoja benchini, tukaambiwa, "Una taifodi." Tukanunua dawa, na siku za kazi zikapotea. Mwezi wa pili homa ikarudi, tukapimwa vile vile, tukaambiwa vile vile.

Kipimo hicho mara nyingi ni Widal, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Hakitafuti vijidudu vyenyewe. Hutafuta alama ambazo mwili huacha katika damu ukipigana navyo, na alama hizo huweza kukaa miezi mingi baada ya mtu kupona. Aliyechanjwa aweza kuwa nazo. Maradhi mengine nayo huleta za kufanana. Basi katika nchi kama yetu, ambako wengi wamekwisha kukutana na vijidudu hivyo, jibu la "ndiyo" la mara moja halithibitishi kwamba ndivyo vinavyotuumiza leo. Huenda ni malaria, nayo haingoji.

Cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka katika damu. Chataka siku kadhaa na fedha zaidi, hakipatikani kila zahanati, na wagonjwa wengine hukiponyoka. Damu itolewe kabla ya kumeza dawa za kuua vijidudu, maana zikitangulia huenda visiote. Hapo twakosea sisi wenyewe, tukipita dukani kwanza.

Tumwulize daktari bila woga: kipimo hiki chatafuta nini, na jibu litabadili dawa? Na karatasi za majibu ya zamani tusizitupe, twende nazo.