HISA KUMI KUWA MOJA: MFANYA KAZI ATAZAME NINI?



Leo twataka kuzungumza juu ya hisa. Wengine watasema, "Hisa ni mambo ya matajiri, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Mwaka 2008, hisa za Safaricom zilipouzwa kwa shilingi 5 kila moja, wafanya kazi wengi walinunua kwa akiba yao. Na hata yule asiye na hisa yo yote, huenda sehemu ya fedha za pensheni yake imewekwa katika hisa za makampuni. Kwa hivyo yatupasa tujue makampuni yaweza kufanya nini na hisa hizo.

Jambo la leo ni kuunganisha hisa. Kampuni husema: kila hisa 10 zitakuwa hisa 1, na hiyo moja itakuwa na thamani ya zile kumi. Ni kama kumimina vibaba kumi vya mahindi katika gunia moja. Vyombo vimepungua, mahindi ni yale yale. Mwenye hisa 1,000 za shilingi 2 alikuwa na mali ya shilingi 2,000. Sasa ana hisa 100 za shilingi 20, nazo ni shilingi 2,000 vile vile. Hakupata wala hakupoteza.

Basi kwa nini kampuni ijisumbue? Mara nyingi ni kwa sababu bei imeanguka. Katika masoko makubwa ya hisa ya Marekani, kampuni ambayo hisa yake imekaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za biashara huonywa, na isipopandisha bei yaweza kutolewa sokoni. Kuunganisha hisa hupandisha bei upesi, bila kuongeza hata senti moja katika faida ya kampuni.

Tutazame mfano wa kweli. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2007, hisa moja ya benki ya Citigroup ya New York iliuzwa kwa dola 50 na zaidi. Kisha ikaja shida kubwa ya mabenki, na Machi 2009 bei ikashuka chini ya dola 1. Serikali ya Marekani iliiokoa benki hiyo, na hisa mpya nyingi mno zikatolewa. Zilizokuwa kama bilioni 5 zikafika karibu bilioni 29. Mei 2011 benki ikaunganisha hisa, kumi kuwa moja. Bei ya kama dola 4 na nusu ikawa kama dola 45.

Asiyejua angesema, "Benki imepona, bei imerudi!" Lakini tufanye hesabu. Aliyekuwa na hisa 100 mwaka 2007 alikuwa na mali ya dola 5,000. Mwaka 2011 alibaki na hisa 10, mali ya kama dola 450. Mwaka 2007 alipata gawio la senti 54 kwa kila hisa kila miezi mitatu, yaani dola 54. Mwaka 2011 benki ilipoanza tena kutoa gawio, ilitoa senti 1 kwa hisa. Yeye akapata senti 10 kwa hisa zake zote.

Hasara hiyo haikuletwa na kuunganisha hisa. Ilikwisha kuingia zamani. Kuunganisha kuliifanya tu isionekane upesi.

Hatusemi kila kampuni inayofanya hivi yataka kudanganya. General Electric iliunganisha hisa nane kuwa moja mwaka 2021, ikiwa imekwisha kuuza sehemu nyingi za biashara yake, na miaka iliyofuata hisa zake zilipanda. Kilichozipandisha ni biashara yenyewe.

Basi, ndugu, ukiletewa barua ya namna hii, uliza mambo matatu.

Kwanza, vipande vya hisa vitafanywa nini? Mwenye hisa 1,005 atapata 100 na nusu, na ile nusu mara nyingi hulipwa kwa fedha. Lakini mwenye hisa 8 tu aweza kulipwa fedha kidogo na kutolewa katika kampuni kabisa. Hapa ndipo mdogo huumia.

Pili, je, kampuni yataka kutoa hisa mpya baadaye? Zikitolewa bila wewe kununua, fungu lako katika kampuni hupungua, hata kama idadi ya hisa zako haikuguswa.

Tatu, deni na hasara zilizoangusha bei zimetengenezwa namna gani? Kama hakuna jibu, bei mpya yaweza kuanguka kama ya zamani.

Hapa Kenya, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 yataka wenye hisa wakubali kwanza kwa kura. Kura hiyo ni yako. Usiitupe barua kwa kuwa imeandikwa kwa maneno magumu. Ilete ofisini kwa chama, tuisome pamoja. Kama huwezi kufika mkutanoni, mtume mwakilishi. Nao wanaotuwakilisha katika mifuko ya pensheni, tuwaulize maswali hayo hayo, maana fedha wanazozilinda ni jasho letu.

Hisa huhesabiwa kwa fungu na thamani, wala si kwa wingi wala kwa bei peke yake.